Monitere na Kaseti ya Pili ya Noeli

Nianze na jambo ambalo Monitere alikuwa na haki nalo, maana si mengi. Ile kaseti ya pili ya filimu ya Noeli ilikuwa mbaya. Ubaya wake ulianza kwenye boksi: watu kumi na mmoja wamesongamana katika picha moja, wote wameonyesha meno, wote wamevaa kofia nyekundu, na mbele yao mbwa naye kavalishwa kofia. Monitere aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akasoma maandishi ya nyuma bila kusogeza midomo, kisha akairudisha mezani na kujifuta vidole kwa leso.

"Filimu haiyaanza, beko banacheka," alisema. "Ni alama mubaya."

Tulimwita Monitere kwa sababu ndivyo wazazi wa Panda, mtaa wetu wa Likasi, walivyomwita kila mwalimu wa shule ya msingi, ila yeye alilibeba jina hilo hata wenzake wakabaki kuitwa majina yao tu. Alifundisha mwaka wa tano katika shule ya kampuni kwa muda mrefu kiasi kwamba alikuwa amewachapa vidole mume wangu na vilevile mkubwa wa zamu ya mume wangu kule kiwandani Shituru, na wote wawili walivua kofia wakimwona. Alikuwa mrefu, mkavu, na abakosti, koti lake la rangi ya majivu lisilo la tai, aliipiga pasi mwenyewe, maana hakumwamini mkewe na mkunjo wa kola. Chaki ilikaa mfukoni mwake hata Jumapili. Padri akikosea Kifaransa katika mahubiri, Monitere alikohoa. Nakumbuka padri mmoja kijana aliyehubiri miezi mingi akiangalia upande wa wanawake tu ili asikutane na kikohozi kile.

Sikumpenda. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani namwandikia sifa za matanga. Nyumba za kambi yetu zilijengwa mbili mbili, zikigawana ukuta mmoja, na ukuta wetu niligawana naye miaka kumi na sita. Nilijua anaamka saa ngapi, anakemea nini, na anakaa kimya kwa muda gani akikasirika. Siku nilipojifungua pacha, akaja kusimama mlangoni, akawatazama wanangu mmoja baada ya mwingine kama anayesahihisha madaftari.

"Babili?" aliuliza. "Basi, tutaona."

Hilo lilikuwa neno lake. Mtu akioa, tutaona. Kampuni ikitangaza kwamba poso yetu ya chakula ya mwezi ujao itakuwa na unga mweupe, tutaona. Mama Monitere, mkewe, alinicheka nilipolalamika. Lakini mwezi ule mzima, kila asubuhi nilikuta ndoo ya maji ya bomba mlangoni kwangu, imejaa, imefunikwa na sahani. Nilidhani ni yeye Mama Monitere. Ndiye aliyeniambia baadaye, kwa kunong'ona kama vile anamsengenya, kwamba mumewe ndiye aliyekuwa akiitua pale kabla ya kwenda shule, na kwamba amekatazwa kunieleza. Nilimshukuru mara moja tu. Akaniambia ndoo yangu imetoboka na kwamba mwanamke mwenye pacha anatakiwa kuwa na ndoo nzima.

Sasa niseme habari za sirkile, maana huko ndiko alikotawala.

Sirkile ilikuwa ukumbi wa wafanyakazi wa kampuni, wenye viti vya chuma, picha ya rais ukutani, na televisheni kubwa iliyofungiwa katika kabati la mbao. Chini yake palikuwa na mashine ya kaseti. Jumapili baada ya misa, mkubwa wa sirkile alifungua kabati kwa ufunguo aliouvaa shingoni, na kambi nzima ikaja kuangalia filimu. Kaseti nyingi zilisema Kifaransa. Chache, zilizovuka mpaka kutoka upande wa Zambia, zilisema Kiingereza. Wengi wetu hatukusikia vizuri hiki wala kile. Kwa hiyo Monitere alisimama kando ya televisheni, fimbo ya shule mkononi, akatueleza kwa Kiswahili kila aliyesema na alichosema. Hapakuwa na mtu aliyemwajiri. Alikuja wa kwanza, akafuta kioo cha televisheni kwa leso yake mwenyewe, akasubiri tunyamaze, na akafungua kikao kwa maneno yaleyale ya kila Jumapili.

"Basi, tuone namna bataaribu dimanshi ya leo."

Alieleza kwa dharau. Mwanamke mzuri akilia kwenye kioo, fimbo iligonga kioo juu ya pua yake. "Huyu anasema eko na uchungu. Muangalie nywele: alijichana mbele aanze kulia." Mpelelezi akiruka kutoka gari hadi gari: "Anasema eko na haraka. Minye sioni saa ku mukono yake." Mtu akikohoa nyuma, alisimamisha maelezo. "Nyamazeni kule! Minye njo naongea, hapana televizio." Na tulinyamaza kweli. Lazima nikiri, ingawa kukiri kunaniuma: tulikwenda kumsikiliza yeye. Filimu bila yeye ilikuwa Wazungu wanaotembea tu.

Filimu ikiisha, alitoa daftari la mraba na kuandika alama juu ya kumi, kama mtihani, na sababu chini yake kwa mwandiko ule ambao sisi sote tulijifunzia. Mkubwa wa sirkile aliliamini daftari lile kuliko macho yake: yenye alama nzuri ilirudishwa kuonyeshwa, yenye mbaya ilitupwa chini ya kabati. Alama nzuri hazikuwa nyingi. Kwa miaka mingi, alama ya juu kabisa ilikuwa sita, na iliipata filimu ya tembo ambamo hamkuwa na mtu hata mmoja.

Basi, na binti yake.

Alikuwa na binti mmoja tu. Alimsomesha kwa masista, akamfundisha Kifaransa kiasi kwamba mtoto yule aliota kwa Kifaransa, nami niliusikia usingizi wake kupitia ukuta. Kisha binti akapata mimba, na mwanamume mwenyewe alikuwa dereva wa lori ambaye tayari alikuwa amehamia barabara nyingine. Monitere hakupiga kelele. Nilikuwa nakoroga ugali wa bukari, nikasikia mlango wao unafunguliwa, na sauti yake ya darasani, ileile ya kusomea imla.

"Rudia kwenye ulitokaka. Kwangu ulikufa."

Binti alikwenda Kambove kwa mama yake mdogo. Kambove si mbali. Lori likiondoka Likasi baada ya chai, linafika kabla sufuria ya mchana haijaepuliwa. Lakini Mama Monitere hakuruhusiwa kwenda, na jina la binti halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Mjukuu alizaliwa, akaanza kutambaa, akaanza kutembea, na habari zote hizo zilimfikia bibi yake kwa mdomo wa wauza samaki. Alichobakiwa nacho Mama Monitere ni swali moja. Mara moja kwa mwaka, ikikaribia Noeli, alimuuliza mumewe akiwa amempa mgongo, mikono ndani ya beseni la vyombo.

"Baba, mwaka huu?"

"Hapana."

Akaosha vyombo vyake. Mwaka uliofuata akauliza tena. Nilimwambia, nikimwita dada mkubwa kama kawaida yangu, "Yaya, unachoka bure." Akaniambia kwamba muntu akiulizwa kila mwaka, kuna mwaka mmoja atakosea ajibu ndiyo. Nililia kwa ajili yake zaidi ya mara moja, mimi ambaye ukuta tu ndio ulionihusisha.

Miaka ile serikali ilikuwa imeifuta Noeli kwenye kalenda. Tarehe yenyewe king'ora kililia kama siku zote, wanaume wakaenda kazini, na sisi tukahamishia sherehe Jumapili iliyofuata: misa, wali na kuku, kisha sirkile. Mkubwa wa sirkile alijitahidi siku hiyo apate filimu ya Noeli. Ndivyo ilivyokuja kaseti ya kwanza, ya Kiingereza.

Ilikuwa hadithi ya familia kubwa inayorudi nyumbani kwa baba mzee, kwenye nyumba yenye theluji mpaka madirishani. Kaka mmoja amefilisika, mwingine ameleta mchumba ambaye hakuna anayempenda, dada wawili hawasemezani, shangazi analewa, babu anaanguka kutoka juu ya paa na hafi. Tulicheka sana. Karibu na mwisho, binti mkubwa anatokea kwenye geti, peke yake, shali kichwani. Miaka yote hajakanyaga pale. Baba mzee anatoka nje bila koti. Anasimama mbele yake, mdomo unatetemeka. Anasema maneno machache, ananyoosha mkono na kuonyesha barabara kwa kidole. Binti anageuka, anaifuata barabara ile mpaka gizani. Kisha tunaiona nyumba kutoka mbali sana, dirisha lina mwanga, watu wamejaa mezani, wadogo kama punje. Muziki. Mwisho.

Monitere hakugonga kioo. Alisubiri mpaka kidole cha mzee kiliponyooka.

"Baba anamwambia: rudia kwenye ulitokaka. Kwangu ulikufa."

Nami nilishtuka, kwa kuwa maneno yale niliyajua, tena kwa mpangilio uleule. Lakini Kiingereza sikukijua, na mimi nilikuwa nani hata nimbishie Monitere? Wanaume walianza kuitikia kwa vichwa. Mmoja akasema kwa sauti, "Munaona? Ata Bazungu!" Toka siku ile wababa wa kambi walipata hoja. Binti akichelewa kurudi kutoka bombani, aliambiwa kuhusu mzee wa kwenye theluji. Niliwahi kumsikia mume wangu mwenyewe akiianza sentensi ile mbele ya wanangu, nikamtupia kijiko.

Daftarini Monitere aliiandikia filimu hiyo nane. Nane! Na chini yake: "Baba anayesimama kwenye neno lake."

Mama Monitere alitoka sirkile ameshika mkono wangu. Noeli iliyofuata nilikaa karibu na ukuta nikingoja swali lake. Nilisikia vyombo vinaoshwa, vinapangwa, beseni linamwagwa. Swali halikuja. Kama hata Wazungu, wenye nyumba kubwa vile na meza ndefu vile, wanafunga mlango, yeye angesimamia nini? Usiku na mchana nilimchukia Monitere kwa ajili ya ukimya ule, na bado nilikwenda kila Jumapili kumsikiliza.

Kisha, Noeli baada ya hiyo, ikaja kaseti ya pili.

Ilikuwa ni mwendelezo wa ileile, familia ileile, mbwa yuleyule na kofia yake. Safari hii ilikuwa imetiwa Kifaransa. Na hapa narudia kwamba mtu huyu alikuwa na haki. Hao waliotia Kifaransa waliifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Mtu alifunga mdomo na sauti yake ikaendelea. Kaka wote walisemewa na mwanamume mmoja, kwa hiyo walipogombana ilikuwa ni kumsikia mtu anajitukana. Picha iliruka. Rangi nyekundu ilimwagika nje ya kofia hadi kwenye mashavu. Hadithi yenyewe hata sijui niiite nini. Kila aliyekosana katika filimu ya kwanza alikosana tena kwa jambo lilelile, kwa sababu walikwisha kupatana na bila ugomvi hapana filimu. Babu alianguka tena kutoka juu ya paa. Waliona tulicheka mara ya kwanza, wakampandisha tena. Theluji ilionekana wazi kuwa pamba. Watu walikumbatiana kila baada ya dakika tano, na kila kumbatio lilikuwa na vinanda vyake.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Waliotengeneza kaseti hiyo walidhani watu wamesahau, kwa hiyo waliianza kwa kutukumbusha. Ndiyo picha ya kwanza kabisa tuliyoiona: geti, theluji, binti na shali, mzee anatoka bila koti. Mambo yaleyale, ila sasa kwa Kifaransa.

Monitere alikuwa amekwisha kufungua kikao. Fimbo ilikuwa juu. Mzee akafungua mdomo, na mimi, ambaye Kifaransa changu ni kile cha kufundishwa ushonaji na masista, nilisikia kila neno. Lilikuwa ni Kifaransa cha mtoto. Monitere alikaa kimya. Mzee akanyoosha kidole kuelekea barabara. Kimya. Ilikuwa ni mara ya kwanza katika miaka yote ile televisheni kusema na Monitere kunyamaza.

Mama Monitere alikuwa amekaa kando yangu. Yeye Kifaransa hakukisikia, hakuwahi kufundishwa, mumewe alikuwa akimwambia atamfundisha. Aliuona mzee, akauona mkono, akaona mdomo wa mumewe umefungwa.

"Mama Mapasa," aliniita kwa jina langu la mama wa pacha, wala hakunong'ona. "Anasema nini?"

Ukumbi mzima ulisikia. Nilimtazama Monitere. Alinitazama kwa jicho lile la kusahihisha, na niliogopa, niseme ukweli, niliogopa kama niko mwaka wa tano. Kisha nilimwona yaya wangu na mikono yake iliyopauka kwa maji ya vyombo.

"Anasema: mutoto eko wapi? Umemuacha mu gari? Enda umulete, mbio, baridi itamuua. Chakula iko ku meza."

"Anaonyesha gari?"

"Anaonyesha gari, yaya. Iko kule ku barabara."

Na kweli, safari hii walituonyesha kilichokatwa katika kaseti ya kwanza: binti anakimbia gizani mpaka kwenye gari, anatoa mtoto aliyefunikwa blanketi, anarudi naye, na mzee amesimama palepale kwenye theluji anawasubiri. Wanaingia. Hapo ndipo tulipoliona lile dirisha kutoka mbali, na sasa kila mtu ukumbini alijua nani wako mezani.

Fimbo iligonga kabati.

"Iyi tradiksyon ni mubaya!" alisema Monitere. "Bafaransa banabadirisha maneno. Bantu ba bure! Banasahau ata filimu yabo benyewe!"

"Baba," alisema mkewe. Alikuwa amesimama. "Ile kaseti ya kwanza, ulisikiaka alisema nini?"

"Minasema tradiksyon ni mubaya."

"Ulisikiaka?"

Monitere aligeukia kioo na kuanza kueleza babu anayepanda paa, kwa sauti kubwa, na hakuna aliyecheka. Mama Monitere alifunga kitambaa chake vizuri, akapita katikati ya viti, watu wakivuta miguu kumpisha, akatoka. Kesho yake, Jumatatu, baada ya chai, alipanda lori la Kambove bila kumwomba mtu ruhusa.

Monitere aliiangalia filimu ile mpaka mwisho. Daftarini aliipa sifuri. Niliisoma hukumu yenyewe, maana mkubwa wa sirkile alituonyesha: "Watu wengi mno. Mzaha wa zamani. Tafsiri mbaya. Wanaingia na kutoka bila sababu. Isirudishwe." Kila neno la hukumu ile lilikuwa kweli isipokuwa mambo mawili, tafsiri na ile sababu ya kuingia, na sirkile ikamwachia kaseti aondoke nayo, kwani hakuna aliyekuwa na hamu ya kuiona tena.

Mkewe alirudi Jumamosi, na binti, na mjukuu wa kike mwenye miaka sita. Nilikuwa nje naanika nguo, sikuona haya kusimama nikatazama. Monitere alikuwa mlangoni, abakosti imefungwa mpaka kidevuni. Mama Monitere alisimama mbele yake na mizigo kichwani. Nilitegemea sentensi ile. Badala yake alimtazama mjukuu, kuanzia viatu.

"Huyu anajua kusoma?"

"Hapana," alisema binti.

"Miaka sita, na hajue kusoma," alisema Monitere, akaenda zake shule, siku ambayo hapakuwa na shule.

Hiyo ndiyo samahani aliyotoa. Nyingine haikuwapo. Aliishi na binti yake nyumba moja asimwite jina, akimwambia mkewe, "Mwambie huyu chumvi imezidi." Mjukuu alimwita "mwanafunzi," na kila alasiri, kupitia ukuta, nilimsikia akimsomesha, akimgombeza, akimrudisha mwanzo wa mstari. Mtoto alijua kusoma kabla mvua hazijaisha. Tulipomsifu, babu yake alisema tutaona. Na Jumapili hakukanyaga tena sirkile. Alijaribu mwingine kueleza, kijana wa ofisi, mpole, anayesema "nafikiri anasema." Watu wakapungua. Nilimdharau Monitere kwa kukimbia, nikamkosa pia, na kumkosa kule kulinikera zaidi ya kumdharau.

Mama Monitere alikufa baada ya mvua mbili, tumbo. Alikufa binti yake akimshika, na kwangu hilo ni kubwa. Kisha kazi za kampuni zikaanza kunywea, poso ikachelewa, ikakatika, na Monitere alipostaafu aliambiwa aiachie nyumba ya kambi. Nasi tulihama. Aliyemchukua ni binti. Alikuwa anauza unga wa mihogo soko la Kikula, amejenga vyumba viwili kwa matofali aliyoyafyatua mwenyewe, na kimoja akampa baba yake.

Nilikwenda kumwona mara moja, alasiri moja ya kiangazi. Sitadai nilikwenda kwa huruma. Nilikuwa na swali ambalo nililihifadhi miaka yote ile, na nilitaka kumwona akikosa jibu.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma, bila shaka cha sirkile, abakosti ileile, kola imepigwa pasi vibaya. Macho yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe. Chaki ilikuwa mfukoni.

"Ule anakanyaga chini kama mwenye kubeba gunia ya poso," alisema kabla sijapiga hodi, "ni Mama Mapasa. Pacha beko namna gani?"

"Beko wazima, Monitere. Mumoja anafundisha shule."

"Tutaona."

Binti aliniletea kiti. Tulizungumza habari za kambi, nani amekufa, nani amehamia wapi. Kisha nikamuuliza.

"Monitere, ile filimu ya Noeli, ya kwanza. Kingereza ulikuwa unasikia?"

Binti alikuwa anachagua maharage sakafuni, na mikono yake haikusimama.

"Ata neno moja," alisema Monitere.

"Sasa yale maneno ulitoaka wapi?"

"Sikukuwa na ingine. Nilikuwa na ile yangu tu."

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka. Sikuweza. Nilimwonea huruma, na nikakasirika kwamba amenifanya nimwonee huruma, na sikujua niweke wapi mikono yangu. Ndipo binti alipoinuka, akafuta mikono kwenye kitenge, akaenda kwenye kona palipokuwa na televisheni ndogo na mashine ya kaseti iliyofungwa kwa waya. Akasukuma kaseti ndani.

Niliitambua kwa picha ya kwanza. Geti, theluji ya pamba, shali. Ila pale mwanzoni picha ilikuwa imejaa mistari, imechakaa kwa kuchezwa, na kwingine kote baadaye nilikuja kuona ni safi kabisa, babu anapanda paa bila mstari hata mmoja.

Sauti ilisikika, Kifaransa kilekile cha mtoto. Monitere hakuhitaji tafsiri. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Baba eko wapi?" aliuliza.

"Eko inje," alisema binti. Alikuwa amesimama kando ya televisheni. "Hana koti."

"Mukono?"

"Ananyoosha. Binti anakimbia ku gari. Sasa anarudia, eko na mutoto."

"Na baba?"

"Anabangojea."

Monitere aliweka viganja juu ya magoti.

"Binti anaingia?"

"Anaingia, baba. Ye na mutoto, bote babili."

Monitere akapiga ulimi, kwa dharau ileile ya Jumapili, nikasikia kwamba haijapungua hata chembe.

"Filimu mubaya," alisema. "Rudisha nyuma."